Mafungu 102,960 ya Nyumba ya Mzee Dualeh

Nakuru
12 Februari 1955

Kwa binti yangu Kadija binti Warsame,

Assalamu alaikum. Naanza kwa kukuomba radhi kwa kimya changu kirefu. Tangu tulipomzika shangazi yako Halimo, Septemba mwaka jana, sijakuandikia hata mstari mmoja. Sikuwa mgonjwa, wala karatasi hazikuniishia. Nilikuwa na jambo mkononi, nami sipendi kumwandikia mtu nusu ya jambo.

Hapa nyumbani sote ni wazima. Macho yangu yanakataa maandishi madogo baada ya alasiri, kwa hiyo chuoni nawasomesha watoto Kurani asubuhi tu. Wamebaki thelathini na mmoja. Wengine wamehama na wazazi wao, na wengine sikuuliza walikokwenda. Ami yako Jama amepeleka ng'ombe Molo na hajarudi, kwa sababu ya vibali vya kusafiri. Mkewe amejifungua mtoto wa kike. Upepo wa ziwani umeleta vumbi kiasi kwamba tunafunika hata chai.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nyumba ya babu yako haikugawanywa tangu alipofariki mwaka 1931. Kila mrithi aliyefariki baadaye, haki yake iligawanyika kwa warithi wake, na namba ya mgawanyo ikakua. Baada ya Halimo nimeifanya hesabu upya, na namba imetoka 102,960. Hiyo ndiyo namba ndogo kuliko zote inayompa kila mrithi mafungu mazima, pasipo fungu hata moja kukatwa. Nimeihakiki mara mbili.

Nyumba ya marehemu baba yako imepata hivi: mama yako, mafungu 2,405; ndugu zako wanne, kila mmoja 2,590; ninyi mabinti watano, kila mmoja 1,295. Mafungu ya nyumba nyingine sikuyaandika hapa, kwani kila nyumba inatosheka kujua yake.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya kukiri. Inasema kwamba Mzee Dualeh aliacha mke mmoja na watoto sita, na kwamba hakuna mrithi mwingine. Itie sahihi na uirudishe kabla ya mwisho wa Machi. Wakili anataka kupeleka orodha ya warithi ikapigwe mhuri, na mhuri ukishapigwa hakuna mjadala.

Msalimie mumeo na watoto wako wawili.

Ami yako,
Ishak bin Dualeh

*

Naivasha
3 Machi 1955

Kwa Ami Ishak,

Waalaikumu salaam. Barua yako ilifika baada ya siku kumi na moja, na bahasha ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi. Mume wangu anasema ndivyo barua zote zinavyofika stesheni siku hizi za hali ya hatari.

Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu, goti lake limepona kidogo. Mume wangu amebadilishiwa zamu, sasa anarudi mchana. Samaki wamekuwa rahisi, na watoto wamewachoka. Mpe mke wa Ami Jama pongezi zangu, nitamshonea mtoto kofia. Nina ombi dogo: ukipata nafasi ninunulie vitabu nne vya kusomea, vile vya kuanzia. Hapa Naivasha havipatikani.

Ami, karatasi nairudisha bila sahihi. Naomba usikasirike mpaka umalize kusoma.

Niliihakiki namba yako. Wewe mwenyewe uliniambia, nilipokuwa na miaka tisa, kwamba jibu lisilohakikiwa ni uvumi. Babu aliacha watoto sita: wewe, baba yangu, Ami Jama na mashangazi watatu. Mwanamume ni vichwa viwili, mwanamke kichwa kimoja. Jumla vichwa tisa. Thumni ya Bibi, yaani sehemu yake moja ya nane, naye alipofariki, ilirudi kwa watoto hao hao kwa vichwa hivyo hivyo, kwa hiyo haikubadilisha kitu. Katika nyumba yetu ipo thumni ya Mama, na vichwa kumi na tatu vya watoto. Katika nyumba ya Shangazi Halimo ipo robo ya mumewe, na vichwa vitano. Nikazidisha, nikapunguza panapopunguzika, nikapata 2,340. Nimerudia mara tatu.

Namba yako ni mara arobaini na nne ya yangu. Arobaini na nne ni nne mara kumi na moja. Hiyo nne nisingeiuliza. Lakini nimeitazama namba yako kwa kuruka tarakimu, kama ulivyotufundisha: 1, 2 na 6 ni tisa, 0, 9 na 0 ni tisa. Zimelingana, kwa hiyo inagawanyika kwa kumi na moja bila baki.

Kumi na moja hiyo imetoka kwa nani? Nimepita nyumba zetu zote nikihesabu vichwa, na sioni mahali penye kumi na moja.

Kisha, kama warithi ni hao tu, mafungu yangu katika namba yako yangekuwa 1,540. Umeniandikia 1,295.

Nisamehe kwa ujasiri. Nasubiri jibu.

Binti yako,
Kadija

*

Nakuru
20 Machi 1955

Kwa Kadija,

Baada ya salamu. Jama amerudi salama, ila amepoteza ndama wawili njiani. Mvua imeanza upande wa Njoro. Mke wangu anakohoa, lakini si kikohozi cha kutisha.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama. Kwa miaka thelathini na minne nimegawa mirathi ya watu wa mji huu: wachuuzi, makuli, matajiri wa ng'ombe. Hakuna aliyenirudishia karatasi. Wa kwanza amekuwa mtoto wa ndugu yangu, naye ameirudisha kwa ajili ya mafungu 245. Nimeyatoa mwenyewe, 1,540 kasoro 1,295, ili usidhani sijaelewa unachodai.

Hata hivyo hesabu ni hesabu, nami sitamnyima mtu haki kwa kuwa amenikera. Kosa lipo, na nitakueleza lilivyoingia. Katika fani hii hatuanzi upya kila mtu anapofariki. Tunachukua namba ya mwisho, tunaizidisha kwa kinachohitajika, na kuendelea. Bibi yako alipofariki mwaka 1938 niliandika karatasi yenye namba 792. Alipofariki baba yako niliizidisha kwa 26, ikawa 20,592. Alipofariki Halimo nikazidisha kwa tano. Nilikuwa naendeleza karatasi ya zamani pasipo kuirudia. Hilo ni kosa la mazoea.

Nimeandika karatasi mpya. Namba ya mgawanyo ni 2,340, kama ulivyosema. Mafungu yako ni 35, ambayo ni zaidi ya yale ya kwanza ukiyapima. Ndugu zako nimewaarifu, nao wamefurahi. Umeshinda. Itie sahihi karatasi hii na uirudishe kwa posta inayofuata.

Mambo mawili ya mwisho. Kwanza, usijaze namba katika barua zako. Anayezifungua hajasoma mirathi. Ataona tarakimu tu, na siku hizi tarakimu asizozielewa mtu zinaweza kumfikisha mwenzake mahali pabaya. Pili, umeandika "vitabu nne". Vitabu ni vinne. Lakini kabla ya sarufi nina swali: watoto wako ni wawili, na mdogo hajafikisha miaka mitatu. Vitabu vinne ni vya nani?

Ami yako,
Ishak bin Dualeh

*

Naivasha
18 Aprili 1955

Kwa Ami Ishak,

Assalamu alaikum. Nimechelewa kwa sababu barua yako ilikaa njiani wiki mbili, na ilipofika nilikaa nayo wiki nyingine bila kujua nianze wapi. Mama amefurahi kusikia Ami Jama amerudi, na anamwombea mkeo shifaa. Ramadhani imekaribia, Mungu atufikishe. Mtoto wangu mdogo ameota meno ya nyuma na nyumba haina usingizi.

Kuhusu vitabu: ni vya watoto waliomo nyumbani. Naomba usiniulize zaidi ya hapo kwa posta.

Ndugu zangu wawili walikuja Jumapili na nakala ya karatasi mpya. Mkubwa aliiweka mezani hata kabla hajanywa chai.

"Dada, tia sahihi tu," akasema. "Umemshinda Ami kwa hesabu! Nakuru nzima inazungumza. Sasa unangoja nini, zawadi?"

"Nangoja jibu la swali langu."

"Swali gani? Ulisema namba ni mbaya, amebadilisha namba."

"Sikusema namba ni mbaya. Niliuliza imetoka wapi."

Akacheka. "Wewe peke yako duniani unaongezewa urithi na unanuna."

Mdogo hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vidogo vilivyokuwa mlangoni. Aliponiaga alisema polepole, "Dada, kuna mambo Ami ameyafunga kwa sababu. Usiyafungue wewe." Kwa hiyo hata yeye anajua. Labda nilikuwa wa mwisho.

Ami, uliniambia nisijaze namba. Nitaandika chache, na anayefungua barua hii akitaka nimfundishe, aje.

792 ni nane mara tisa mara kumi na moja. Hiyo kumi na moja haikuingia juzi kwa mazoea ya kalamu. Ilikuwamo mwaka 1938, na karatasi ile uliiandika wewe, baba yangu akawa shahidi.

Na kuna thelathini na saba. Mafungu uliyompa Mama kwanza, 2,405, ni 37 mara 65. Ya ndugu zangu ni 37 mara 70. Yetu mabinti ni 37 mara 35. Nyumba yetu yote, 19,240, ni 37 mara 520. Ninyi ndugu wawili mliobaki mna kama hayo, na kila shangazi ana nusu yake. Kwa hiyo mafungu ya watoto wote sita wa Babu yanagawanyika kwa 37. Lakini 102,960 haigawanyiki kwa 37. Nimejaribu: inabaki 26.

Ami, vitu vyote vinavyogawanyika kwa 37 ukivijumlisha, jumla yake haiwezi kukataa 37. Kwa hiyo hao sita si wote. Yuko mmoja amesimama nje ya jumla. Nimetoa mafungu yao kwenye namba yako nikapata yake: 16,380. Ni mafungu ya mwanamume, ila yamepungua 2,860 kuliko yenu. Upungufu huo ni sawasawa na kile ambacho kila mwana alipata kwa Bibi. Basi ni mwana wa Babu asiyezaliwa na Bibi.

Kwenye karatasi ya kwanza ulifuta jina lake, lakini hukumfuta kwenye namba. Kwenye ya pili umemfuta kote. Na hayo mafungu yangu yaliyoongezeka, uliyosema nimeyadai, yametoka kwake. Siyataki.

Nitakuambia jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Baba alinifundisha mirathi kwa punje za mahindi, mbili kwa mvulana, moja kwa msichana. Siku moja nilimwomba anipangie za Babu. Akapanga, nikahesabu kumi na moja. Nikasema, "Baba, umekosea, ni tisa." Kisha akazivuta mbili pembeni kwa kidole, akasema, "Hizi zikae hapa. Usizirudishe guniani, na usimpe kuku." Nilikuwa mtoto, nikadhani ni mchezo.

Mtu huyo anachimba mawe meupe Kariandusi. Amri imetoka kwamba watu wa kabila la mama yake wahamishwe kutoka kambi ile ya wachimbaji. Wanawake na watoto walishaambiwa waondoke. Wanaume wamepewa mpaka mwisho wa Mei, kisha lori litawachukua. Wanapelekwa kwenye ardhi ambayo yeye hana hata mahali pa kusimama, kwa sababu huko anahesabiwa mtoto wa Msomali. Mkuu wa kambi amesema mwenye ndugu mjini na mahali pa kukaa alete karatasi yenye mhuri, ataachwa.

Karatasi hiyo iko kwako, Ami. Ni ile ile ya wakili.

Binti yako,
Kadija

*

Naivasha
2 Mei 1955

Kwa Ami Ishak,

Assalamu alaikum, na Ramadhani njema. Sijui kama barua yangu ya Aprili ilifika. Mama anauliza kila siku kama posta imekuja, na kila siku nasema treni imechelewa.

Sitaandika namba leo. Nitaandika nilichokataa kuandika. Mke wa mchimbaji yule anaitwa Wariara. Alikuja mlangoni kwangu Februari, siku tatu baada ya barua yako ya kwanza, na watoto wawili. Alitembea kutoka Gilgil. Nilimuuliza kwa nini amekuja kwangu na hatujuani. Akasema mumewe alimwambia: ukishindwa kabisa, mtafute mtoto wa Warsame; wa Nakuru usimguse.

Nikauliza kwa nini. Akanieleza habari ya Oktoba 1953, mlangoni kwako.

Sikuhukumu. Sikuwapo, wala mimi sikuulizwa swali lile mbele ya bunduki. Lakini nimelijua, na siwezi kutia sahihi kana kwamba silijui.

Mwisho wa Mei si mbali.

Kadija

*

Nakuru
15 Mei 1955, sawa na 22 Ramadhani

Kwa binti yangu Kadija,

Waalaikumu salaam. Barua hii haipiti posta. Ameichukua mtu ninayemwamini, anayeshuka na gari la maziwa, atakupa mkononi. Kwa hiyo nitaandika majina.

Mke wangu amepona kikohozi. Mtoto wa Jama ameitwa Halimo. Tunafuturu kwa uji wa mtama, kwa kuwa mchele haushikiki kwa bei. Barua zako zote mbili zilifika.

Idris ni ndugu yangu. Mama yake aliitwa Wachuka, mwenyeji wa Naivasha. Baba alimwoa kwa mashahidi, nami nikiwa mmoja wao. Mama huyo alifariki kabla ya baba. Mtoto alikaa kwetu mwaka mmoja na nusu, nami nikamsomesha. Alikuwa na akili nyepesi na mwandiko mbaya. Kisha wajomba zake wakaja kumchukua, na mama yangu hakuwazuia, wala mimi. Huko wakamwita Thuo. Mwaka 1931 nilimwandika katika mirathi, na mwaka 1938 nikaandika tena, kwa sababu nilikuwa kijana na nilimwogopa Mungu kuliko nilivyowaogopa watu. Karatasi hizo nimezitoa sandukuni wiki hii. Kumi na moja imo, kama ulivyosema. Hesabu yako ya thelathini na saba nimeipitia neno kwa neno. Haina kosa. Mimi sikuwa nimeiona.

Oktoba 1953 askari walimleta Idris mlangoni kwangu, mikono imefungwa. Alikuwa amewaambia kwamba yeye ni mtoto wa Dualeh na kaka yake ni mwalimu. Bwana mwenye daftari akaniuliza, "Unamjua mtu huyu?" Wanafunzi wangu walikuwa nyuma yangu, wamesimama na mbao zao za kuandikia. Nilisema, "Simjui." Akanipa kalamu niandike kwamba Dualeh hakuacha mtoto mwingine. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Idris alikaa nyuma ya seng'enge miezi minane.

Kwa hiyo elewa ninachoombwa. Orodha ya wakili ikiwa na jina la Idris, basi kuna karatasi yangu nyingine yenye sahihi yangu inayosema uongo, na wenye daftari wanajua kulinganisha karatasi. Naweza kufungiwa chuo. Naweza kunyang'anywa kibali, mimi na Jama na ndugu zako. Ndugu zako walinijia jana kunikumbusha hayo. Mkubwa wao alisema, "Ami, namba 2,340 ni safi, haina kelele. Kwa nini uchukue yenye kelele?" Nilimfukuza.

Alhamisi nilikwenda Kariandusi. Nilipanda treni mpaka Gilgil, na kutoka hapo nikabebwa na lori la magogo. Sijui nilikwenda kufanya nini. Nilijiambia nakwenda kuhakiki.

Wachimbaji wote pale ni weupe kwa vumbi la mawe, nyusi na kope, wanafanana kama unga wa kinu kimoja. Nilidhani sitamtambua. Kisha mmoja akajifuta uso kwa mgongo wa mkono wa kushoto, kuanzia chini kwenda juu. Hivyo ndivyo alivyojifuta baba.

Askari wa lango, kijana anayeitwa Micah, akaniuliza, "Mzee, unatafuta nani?"

Nilinyoosha kidole tu.

"Thuo!" akaita. "Kuja hapa. Huyu mzee amekutafuta."

Akaja, akasimama hatua nne kutoka kwangu, sururu begani. Micah akamuuliza, "Unamjua mzee huyu?"

Alinitazama usoni, akatazama kofia yangu, akatazama viatu vyangu vilivyong'arishwa.

"Simjui," akasema. "Wazee wa Nakuru hawatujui sisi, sisi tutawajuaje? Labda amepotea. Muonyeshe njia ya stesheni."

Wenzake wakacheka. Jua lilikuwa la saa saba, nadhani niliyumba, kwa sababu Micah alinishika mkono na kumwambia mwenzake alete maji. Yakaletwa katika kopo. Yalipokaribia mdomo wangu, Idris akasema, "Usimpe. Amefunga."

Micah akacheka. "Wewe Thuo, humjui mtu, lakini unajua amefunga?"

Idris alikuwa ameshageuka. Alijibu bila kutazama nyuma.

"Mimi pia nimefunga."

Akarudi shimoni. Niliusikia mlio wa sururu yake mpaka nilipofika barabarani. Au labda ilikuwa ya mwingine.

Kadija, nimekuwa nikijiambia kwamba kwa kusema simjui nilimwondoa. Naye Alhamisi amesema hanijui, na alikuwa na haki ya kusema. Sisi wawili tumekanana mbele ya mashahidi. Jioni ile, baada ya kufuturu, nikaichukua namba nikaanza tena tangu 1931, pasipo kutazama karatasi ya zamani, kama mwanafunzi. Vichwa vilitoka kumi na moja. Namba ikatoka 102,960. Haijali tulichosema.

Wakili ananingoja Jumamosi ya tarehe 28. Ninazo karatasi mbili mezani, moja ya 2,340 na moja ya 102,960. Zote mbili nimeziandika kwa ukamilifu, isipokuwa sahihi. Hiyo ya kukiri niliyokutumia mara ya pili, usiirudishe. Ichome. Nakuomba pia usimwambie Wariara lolote bado, kwani tumaini linaloahirishwa ni adhabu, nami nimeshawaadhibu vya kutosha. Ndugu zako wakija, wape chai, usiwape maneno.

Mchukuzi wa barua hii ana furushi. Ndani yake mna vitabu vinne. Viwili nimeandika majina ya wanao katika jalada, kama ninavyowaandikia wanafunzi wangu wote: jina la mtoto, la baba yake, na la babu yake. Viwili vingine nimeanza kuandika kutoka mwisho. Jina la babu nimeliandika, Dualeh, na la baba nimeliandika, Idris. La kwanza sikuliandika, kwa sababu sijui majina ya watoto.

Niandikie wanaitwa nani. Mpe jibu huyo huyo mchukuzi, atapita tena Ijumaa. Nami, nikishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, kabla wino wa kwa wakili haujakauka.

Ami yako,
Ishak bin Dualeh